Inzi wa Alhamisi

Kazi yangu ilikuwa kuliwa. Sikutanii. Niliajiriwa kwa ajili ya miguu yangu, na kwa umri wangu wa miaka arobaini na tisa si wanawake wengi wanaoweza kusema hivyo bila watu kuguna.

Nilikaa kwenye kigoda kando ya mto, pale maji yanaporukia mawe, gauni nimelikunja hadi magotini, nangoja usubi. Usubi ni kijidudu cheusi chenye kibiongo, kidogo kuliko punje ya mchele, na huzaliwa kwenye maji yaendayo mbio. Sisi tunakiita inzi tu, maana tukianza kumheshimu kila anayetuuma kwa jina lake kamili, hatutafanya kazi nyingine. Inzi akitua mguuni, kabla hajauma, namfunika kwa kichupa cha kioo, nakiinua taratibu, naziba kwa kidole, kisha kifuniko. Saa moja nakaa, saa moja napumzika, tangu asubuhi hadi jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Vichupa vya kila saa vina mfuko wake, na idadi naiandika kwenye fomu. Walinipa vidonge vya kinga, wakanipa na karatasi ya kusaini kwamba nimekubali kwa hiari yangu. Nikasaini. Nilishawahi kuolewa, karatasi hazinitishi.

Kabla ya hapo nimefua nguo za watu mpaka vidole vikakunjamana, nimepikia vibarua wa barabara waliokuwa wakila kama barabara yenyewe imo tumboni mwao, na nimelinda ghala lililoibiwa likiwa tupu. Wezi waliondoka na mlango. Kwa hiyo mtu akiniambia kaa kitini uumwe na inzi, mimi nauliza tu kiti kina mgongo au hakina.

Hata hivyo kazi hii niliitaka kwa sababu nyingine. Kaka yangu fundi wa kuchomelea ana binti wa miaka tisa. Tunamwita Redio, kwa kuwa tangu alipojifunza kusema hakuwahi kuzimwa. Alikuwa anaongea akioga, anaongea akitafuna, anaongea na mbuzi wa jirani na kumjibia. Halafu mwaka jana, siku moja, mama yake alimwekea sahani mbele, na kichwa cha Redio kikaanza kushuka. Kikapanda. Kikashuka tena, taratibu, kama mzee anayesikiliza hotuba ndefu na hataki ionekane amelala. Macho wazi, ndani hamna mtu. Baada ya dakika mbili akarudi, akauliza nani kamwaga mchuzi.

Hakuwa peke yake. Kwenye kona yetu ya mto walikuwa watoto kumi na saba. Watu wakauita ugonjwa wa kukubali, kwa vile mtoto anatikisa kichwa kama anayekubali kila unachomwambia. Ukicheka, cheka, sisi tulicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili Redio alikubali akiwa karibu na jiko, na mpaka leo mkono wake wa kushoto una kovu la ukingo wa sufuria.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani wa kushoto alisema ni laana ya ukoo, ila hakusema ukoo wa nani, akawa anatutazama. Jirani wa kulia alisema ni chakula kilichooza. Wataalamu walipokuja, nao wakasema huenda ni inzi. Neno lao walilolipenda ni hilo, huenda. Inzi hubeba kijinyoo, anakiacha kwenye ngozi. Na mahali penye inzi wengi ndipo wanapoonekana watoto wengi wa namna hii. Kama ni kijinyoo kinachoharibu ubongo, au ni mwili unaopigana na kijinyoo ukajikosea na kujipiga wenyewe, au ni kitu kingine kabisa kilichojificha hapo hapo mtoni, hawakujua. Angalau walisema hawajui. Majirani zangu hilo halijawahi kuwatoka mdomoni.

Dawa ya kupunguza kutikisa kichwa na mianguko inayofuata ilikuwepo, hospitali kuu, safari ya kutwa nzima kwenda na kutwa nzima kurudi, na ukifika unaambiwa imekwisha jana. Kwa hiyo wataalamu walipotangaza kwamba watafungua kliniki ya watoto huku huku mtoni, kaka yangu alizima mashine yake ya kuchomelea ili asikie vizuri. Lakini ingekuwa kliniki moja, na vituo vya kuhesabu inzi vilikuwa viwili: chetu cha Maweni, na cha wenzetu wa Darajani, kutwa nzima kwa miguu kuteremka na mto. Watachaguaje? Hatukuambiwa, nasi hatukuuliza. Tulijijibu wenyewe. Nani anajenga zahanati kwenye inzi? Watajenga palipo safi.

Hapo ndipo wifi yangu, mama yake Redio, alipotoa chupa.

Wifi ni mshonaji, na ana hofu kama alivyo na sindano, zimechomekwa kila mahali. Asubuhi ya siku ya pili ya kazi yangu alinikuta mlangoni, mkononi chupa ya mafuta ya mchaichai aliyoyachemsha mwenyewe na kuyachanganya na mafuta ya taa.

"Wifi, toa miguu nikupake."

"Wewe! Mimi ni chambo. Umeona wapi mvuvi anampaka chambo pilipili?"

"Toa miguu nimesema. Mtoto wangu anakubali. Na wewe ukianza kukubali, humu ndani atabaki nani wa kunibishia?"

Nikatoa miguu. Ukweli nilikuwa nimeshausema kwa mdomo wangu, tena vizuri, ila kwa mzaha. Huo ndio ugonjwa wangu mimi: naweza kuutamka ukweli mbele ya pua yangu na nisiusikie.

Basi kila asubuhi Wifi akawa ananipaka, kutoka gotini hadi unyayoni, kwa bidii ya mtu anayeng'arisha fenicha za harusi. Nilinuka kama taa iliyoangukia kwenye birika la chai. Inzi walikuwa wanakuja, wanazunguka, wanasoma tangazo, wanaondoka. Nikiandika watatu, wawili, wanne, moyoni nafurahi. Nikirudi jioni Wifi anauliza, "Leo wangapi?" Nasema, "Kumi na mmoja kutwa nzima." Anashika kifua. "Alhamdu... kliniki hiyo inakuja."

Isipokuwa siku za Alhamisi.

Alhamisi alikuwa anakuja Msimamizi, kwa pikipiki, kuchukua vichupa na fomu. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mjane, viatu vyake vinang'aa hata kwenye tope, na anaposoma fomu ananyanyua nyusi kama anayesoma barua ya mapenzi. Msinielewe vibaya. Sikuwa namtaka. Nilitaka tu anitake. Na mwanamke hawezi kutakwa akiwa ananuka mafuta ya taa, labda atakwe na jiko. Kwa hiyo Alhamisi nilitoka kabla Wifi hajaamka, naoga mtoni kwa sabuni isiyo na harufu waliyotupa ofisini, nakaa na miguu yangu kama Mungu alivyoiumba. Siku hizo niliwakamata inzi mpaka vichupa vikaisha. Tisini. Mia na kumi. Nilidhani ni bahati mbaya ya siku.

Miezi mitano ikaenda hivyo. Redio akawa anakubali mara tatu, mara nne kwa siku. Shule wakamrudisha nyumbani. Akaacha kumjibia mbuzi.

Jumatano moja tukaitwa ofisini. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la mbegu la Maweni: kimoja cha jokofu la vichupa, kingine cha meza, feni isiyogeuka, na ukutani karatasi kubwa zenye mistari. Aliyetuita ni Daktari mwenyewe, mkuu wa wote, mwanamke mwembamba aliyesomea wadudu, anayezungumza pole pole kama anayehesabu vidonge mkononi mwa mtoto. Msimamizi alikuwa kasimama kando. Tulikuwepo mimi na mkamataji wa Darajani, kijana mmoja mwenye miguu yenye vipele mpaka nikaona huruma.

"Hii ni Darajani," Daktari alisema, akagusa karatasi ya kwanza. Mstari ulipanda na kushuka kama mapaa ya nyumba. "Na hii ni Maweni."

Maweni ulikuwa umelala chini, umelala, umelala, halafu unachomoza juu kama jino. Kisha umelala tena. Jino. Karatasi nzima ilikuwa kama mdomo wa bibi aliyebakiwa na meno machache na bado anacheka.

"Kila jino," alisema, "ni Alhamisi."

Nikatazama feni.

"Tumefikiria sana. Je, Alhamisi kuna mtu anafungulia maji huko juu?"

"Hakuna," alisema Msimamizi.

"Wanafua mtoni siku hiyo?"

"Wanafua Jumamosi." Akakohoa kidogo. "Daktari, nimekuwa nikiwaza. Huenda ni pikipiki yangu. Moshi. Kuna wadudu wanaovutwa na joto na hewa chafu. Huenda wananifuata mimi."

Nawaambia, nilikuwa nimebana meno mpaka taya zikauma. Baba wa watu na viatu vyake vinavyong'aa anaamini anapendwa na inzi!

"Inawezekana," alisema Daktari, na akaandika. Akaandika! "Lakini tusipopata maelezo tutaziondoa Alhamisi zote. Zinaonekana kama makosa. Tukiziondoa, Maweni inabaki na inzi wachache sana." Akageuka kwetu. "Ijumaa saa sita mchana napeleka uamuzi. Tuna uwezo wa kuanza mahali pamoja: dawa ya kuua mabuu mtoni, vidonge vya minyoo kwa watu wote, na kliniki ya watoto. Tunaanza palipo na inzi wengi. Yaani Darajani."

Palipo na inzi wengi.

"Daktari," nikasema, "huko Darajani watoto wanaokubali ni wangapi?"

"Watatu," alijibu yule kijana.

"Sisi kumi na saba."

"Najua, Shangazi," alisema Daktari. Wote pale waliniita Shangazi, kwa ajili ya Redio. "Ndilo linalonikosesha raha. Kama kwenu inzi ni wachache na wagonjwa ni wengi, basi huenda si inzi kabisa. Huenda tumepoteza muda kwenye njia isiyofika, na inabidi niwaandikie wenzangu wageukie kwingine."

Hebu nitazameni. Mwanamke aliyeishia darasa la saba, mlinzi wa ghala lisilo na mlango, na miguu yangu miwili iliyopakwa mchaichai ilikuwa inakaribia kugeuza elimu ya watu waliosoma miaka ishirini. Mtu mwingine angesimama pale pale akasema. Mimi nikasema, "Feni yenu hii ingepakwa grisi." Nikaenda nyumbani.

Wifi alikuwa kwenye cherehani. Nilimweleza. Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo mafuta yangu..."

"Mafuta yako yameipeleka kliniki Darajani. Kwa miguu yangu."

"Usiseme."

"Wifi."

"Usiseme! Watoto kumi na saba, wifi yangu. Mama zao wote nawashonea. Wakijua ni mimi niliyewafukuzia kliniki, nitapita wapi? Na wewe watakufukuza kazi."

"Kazi yenyewe ni kuumwa. Nitaumwa bure, inzi hawana ubaguzi."

"Rahisi kwako kuongea, huna mtoto ndani!"

Lilimtoka. Akaweka mkono mdomoni. Mimi nimeshapigwa na maneno makubwa kuliko hayo, na watu wadogo kuliko Wifi. Nilikohoa tu nikaenda kukaa kizingitini. Ni kweli sina mtoto ndani. Nilikuwa na mmoja, aliishi siku nne. Hiyo ni hadithi nyingine na leo sina hamu nayo.

Kaka akarudi, chakula kikaandaliwa, bado kuna mwanga wa jua. Redio aliketi kati yetu. Alikuwa ananieleza jambo kuhusu kuku, ameanza vizuri kabisa, "Shangazi, yule jogoo si wa kwao, ni wa..." na sahani ikagusa mkeka. Kichwa kikashuka. Kaka akaivuta sahani. Wifi akamshika mabega. Kikashuka, kikapanda, kikashuka, na safari hii mwili nao ukafuata, akaanguka ubavu, akaanza kupigapiga miguu, povu mdomoni. Tulimlaza upande kama tulivyofundishwa, tukangoja. Kaka alihesabu kwa sauti, kama anapima chuma. Alipofika mia mbili na arobaini Redio akatulia.

Hakuna aliyekula. Wifi alimfuta mdomo kwa pindo la kanga, kisha bila kunitazama akasema, "Kesho nakwenda na wewe."

"Wapi?"

"Usijifanye mjinga, haikupendezi. Chupa naibeba mimi."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, tulikuwa mlangoni kwa Daktari. Msimamizi alikuwa anafunga mifuko kwenye pikipiki yake, tayari kwa safari ya kuja kwangu. Akashangaa kuniona.

"Shangazi! Leo si uko mtoni?"

"Leo mto umekuja kwako," nikasema. "Ingia ndani, hili nawe linakuhusu."

Nikasema. Sikupamba. Nilisema nilikuwa nikipakwa mafuta kila siku ya kazi, kwamba tulidhani inzi wachache ni sifa, kwamba namba za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa si za mto, ni za chupa. Wifi akaiweka chupa mezani. Daktari akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi," alisema Wifi. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisimama.

"Ni kali."

"Asante," alisema Wifi, masikini, mazoea ya kusifiwa kazi.

Daktari akaifunga tena chupa. Kisha akauliza swali nililokuwa nimeomba njia nzima asiliulize. "Na Alhamisi? Kwa nini Alhamisi hukupaka?"

Nimesimama mbele ya mahakimu, mbele ya wenye nyumba, mbele ya mama mkwe. Sijawahi kukosa neno. Siku ile nililitafuta sikulipata. Nikaangalia dari. Wifi akaona sitasema, akanisaidia, kama wanavyosaidia mawifi.

"Alhamisi anakuja huyu," akasema, akamwelekezea kidole Msimamizi. "Wifi yangu hataki kunuka."

Msimamizi alitazama viatu vyake. Shingo ikabadilika rangi mpaka kwenye kola. Daktari akatazama karatasi ukutani, meno yote yale, moja moja, na nikamwona akilifuta kwa kalamu lile neno pikipiki.

"Kwa hiyo," alisema pole pole, "Alhamisi ndiyo mto."

"Alhamisi ndiyo mto," nikasema.

Hakucheka. Ningependa angecheka, au angefoka. Alisema tu, "Miezi mitano," na kwa jinsi alivyosema nikajua amehesabu kila saa aliyokaa kwenye darubini akitazama inzi wangu wachache waliokuwa na mafua. Kisha akasimama. "Kusema hakutoshi. Siwezi kuwaandikia wenzangu kwamba mkamataji amekumbuka. Twendeni mtoni."

"Leo ni Alhamisi," alisema Msimamizi, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa na maana tena. "Watakuja tu."

"Ndiyo maana atapaka mguu mmoja."

Nikaoga kwa ile sabuni, Daktari akiwa amenipa mgongo. Wifi akapiga magoti akanipaka mguu wa kushoto, taratibu, kama anayepaka maiti. Wa kulia ukabaki mtupu. Nikakaa kigodani. Msimamizi upande huu na saa, Daktari upande ule na fomu mbili, na juu ya ukingo wa mto, kwa vile kwetu siri ni kitu cha kusikia kwa wengine, wanawake kama ishirini wamesimama na ndoo.

"Anapimwa nini?" mmoja aliuliza.

"Miguu. Wanatafuta mchumba."

"Waje wanipime mimi, yangu bado ina nyama!"

"Kelele!" alisema Msimamizi, wakacheka zaidi.

Inzi wakaja. Walikuja kama wanavyokuja Alhamisi. Wa kwanza alizunguka goti la kushoto, akahama la kulia, akatua. Kichupa. Wa pili kulia. Wa tatu, wa nne kulia. Nilikuwa na kasi, mimi. Hilo lazima mnipe. Kufikia nusu saa wanawake walikuwa wameanza kuhesabu kwa pamoja, kwa sauti, kama watoto wanaoruka kamba. Saa ilipokwisha mguu wa kushoto ulikuwa na inzi watatu. Wa kulia, ishirini na wanane.

Wanawake si wajinga. Yule mwenye mguu wa nyama, ambaye watoto wake wawili wanakubali, alimtazama Wifi, akaitazama chupa, akamtazama tena Wifi. Nilijiandaa kusimama kati yao.

"Mafuta hayo," akasema, "hukutupa sisi kwa nini?"

Wifi akamnyooshea chupa.

Daktari alifunga kalamu yake. Akatuambia kwa ufupi: namba zote za siku nne zinatupwa. Alhamisi zinabaki, ishirini na moja, lakini ishirini na moja hazitoshi kuchagua. Uamuzi wa Ijumaa ataomba usogezwe wiki tatu, kituo cha Maweni kihesabiwe upya, kila siku, mbele ya Msimamizi. "Na siwezi kukutumia wewe, Shangazi. Si adhabu. Ni kwamba nikiandika jina lako watu watauliza, na watakuwa na haki."

"Sawa," nikasema. Nilisema sawa, lakini mguu mmoja unawasha na mwingine unanuka, sikujisikia sawa popote.

"Nitahitaji mtu mwingine. Mtu mzima, wa hapa hapa. Atakayekubali kwa hiari."

Nani akae pale, miguu mitupu, wiki tatu, kwa wadudu ambao huenda ndio wanaotuchukulia watoto? Wanawake wakatazama ndoo zao. Sikuwalaumu.

"Mimi," alisema Wifi.

Nikamgeukia. Huyu ni mtu anayefunga dirisha akiona kipepeo.

"Wewe huwezi," nikamnong'oneza. "Utakimbia."

"Nitakimbilia wapi?" Alikuwa amekwisha kuanza kukunja gauni. "Wewe nifundishe tu kile kichupa unakishikaje."

Nikamfundisha. Usimfukuzie, mngoje atulie. Funika kwa upole, usibonyeze. Usipumue juu yake. Siku ya kwanza alilia saa zote sita, machozi yanamdondokea mapajani, na akakamata arobaini na saba. Wiki ya pili akaacha kulia. Wiki ya tatu akawa ananisahihisha. Na kwa sababu Mungu naye ana mizaha yake, Msimamizi alipangiwa kukaa naye kila siku, viatu, nyusi na kila kitu, wakati mimi niko nyumbani nampikia Redio uji na kumwondoa karibu na jiko. Nilimwuliza Wifi anaongea nini siku nzima yule bwana. Akasema anaongelea betri za pikipiki. Nikapona hapo hapo.

Redio alianguka mara tisa katika wiki hizo tatu. Niliziandika, mimi mwenyewe, kwenye daftari, na saa zake. Safari hii sikukosea hata moja.

Namba za Maweni zilitoka mara mbili ya za Darajani. Kliniki ikafunguliwa kwetu, kwenye kile chumba chenye feni, ambayo walikuwa wameipaka grisi. Yule kijana wa Darajani alikuja kuuliza watoto wao watatu watafanyaje, na Daktari akamwambia watakuja na gari jipya la kubeba vichupa kila Alhamisi. Hakutabasamu aliposema siku hiyo. Mimi nilitabasamu kwa niaba yake.

Redio alipata kadi namba sita. Daktari wa watoto alimpima uzito, akampiga nyundo magotini, akamwuliza maswali, na Redio akamwuliza yeye mengi zaidi. Halafu akaandika dawa, nayo ilikuwepo, ndani ya kabati, unaiona.

"Hii haitibu chanzo," alisema. "Inapunguza mianguko. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo. Tutaona."

Daktari wa wadudu alikuwa mlangoni, amekuja kututazama. Nikamshika hapo.

"Kwa hiyo ni inzi?"

"Huenda," alisema. "Sasa tunaona inzi na ugonjwa vinakwenda pamoja, huku na kule. Kwenda pamoja si kuzaana. Tutaua mabuu, tutatoa vidonge, tutangoja miaka, tutahesabu watoto wapya. Wasipopatikana, huenda itakuwa na uzito zaidi."

"Daktari, mimi nimekaa pale miezi mitano!"

"Siku ishirini na moja," alisema, na hapo ndipo alipocheka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Redio ametangulia mbele anaimba kitu kisicho na mwisho. Wifi alikuwa na vipele kutoka gotini hadi unyayoni na alikuwa anavikuna kwa kiatu cha mguu wa pili, hatua kwa hatua, anachechemea.

"Kwa hiyo ni inzi, au si inzi?" akauliza.

"Hawajui."

"Hata baada ya miguu yangu hii?"

"Hata baada ya miguu yako hiyo."

Akatembea kidogo. "Na wewe? Wewe unaonaje?"

Niliigeuza pakiti ya dawa nikasoma walivyoandika. Nusu kidonge saa mbili asubuhi, nusu kidonge saa mbili usiku. Isikatishwe ghafla.

"Naona tunahitaji saa ya ukutani," nikasema.

Wifi akasema ya nyumbani inachelewa dakika ishirini. Nikamwambia basi tugeuke, fundi saa bado hajafunga.